Pango la mikono myekundu Glenbrook: goti la mama, plastiki ukutani na suala la kupiga hodi

Msomaji anayeishi Blacktown, magharibi mwa Sydney, ameuliza hivi: "Mama yangu amekuja kututembelea kutoka Kigoma. Ana miaka 68 na goti moja linamsumbua. Wanangu wawili, wa miaka 9 na 12, wamefundishwa shuleni habari za Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, sasa wanataka tumpeleke bibi yao kwenye pango lenye alama za mikono kule Glenbrook. Rafiki yangu aliyewahi kwenda anasema tusipoteze petroli: ni vialama vilivyofifia nyuma ya plastiki, unatazama dakika mbili umemaliza. Mama naye ana wasiwasi wake: hayo si mambo ya mizimu ya watu? Tunaruhusiwa kuingia? Na je, atamudu kutembea?"

Kwanza mpe mama shikamoo yangu. Pili, nendeni.

Goti halitamzuia, mradi msikosee njia. Pango hilo, ambalo kwenye ramani limeandikwa Red Hands Cave, limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Blue Mountains. Njia inayotangazwa zaidi ni mzunguko wa kilomita 8 unaoanzia kwenye drifti, pale barabara inapovuka kijito cha Glenbrook. Ina ngazi, ina mawe ya kukanyaga kwa tahadhari, na mtu mwenye magoti mazima huimaliza kwa saa tatu hadi nne. Hiyo si ya mama. Njia nyingine ni kuvuka drifti kwa gari, kuendelea ndani ya hifadhi hadi maegesho ya Red Hands, kisha kutembea kidogo msituni. Kwa kijana ni mwendo wa dakika chache. Mama mpeni muda mara mbili, na fimbo, maana chini kuna mizizi na mawe yasiyolingana.

Kama mko watu wazima wawili, mimi ningegawana kazi: mmoja ampeleke mama na mdogo kwa gari, mwingine ashuke kwenye drifti na yule wa miaka 12, wafuate njia ya kijito kwa miguu, mkutane pangoni. Sababu ni kwamba kwenye njia ya kijito kuna kitu ambacho wanaokwenda kwa gari hawakioni, na nitakieleza hapa chini.

Angalieni pia simu isiwapoteze. Sydney ina mapango mawili yanayoitwa kwa jina hilo la mikono myekundu. Jingine liko hifadhi ya Ku-ring-gai Chase, kaskazini mwa jiji, mbali kabisa na Glenbrook. Nalo ni zuri, lakini si hili mnalolitafuta. Andikeni Glenbrook, kisha mfuate Bruce Road hadi lango la hifadhi.

Sasa huyo rafiki yako. Hajadanganya. Alama zimefifia kweli, na plastiki ipo kweli. Tatizo ni kwamba alikwenda kutazama picha. Mahali kama hapa panasomwa, na kusoma kunaanzia kwenye jiwe lenyewe.

Mama akisikia neno pango huenda anafikiria Amboni kule Tanga: giza, popo, na mtu wa kuwaongoza kwa tochi. Amboni ni mawe ya chokaa, na maji yanayeyusha chokaa hadi yanachimba vyumba ndani ya ardhi. Glenbrook ni jiwe mchanga, mchanga uliomwagwa na mito mikubwa zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita ukagandamana. Jiwe la namna hiyo haliyeyuki, linapukutika. Maji hupenya polepole kutoka juu yakibeba chumvi kidogo; yakifika usoni mwa mwamba yanakauka, chumvi inaganda kuwa fuwele, na fuwele zikikua zinasukuma chembe za mchanga hadi zinadondoka. Sehemu ya chini inaliwa, ya juu inabaki imening'inia kama baraza ya nyumba. Kwa hiyo mtakachokuta ni kivuli cha mwamba, kikavu, chenye mwanga wa mchana, ambapo familia inaweza kukaa mvua ikinyesha na moto ukawashwa bila moshi kuwasumbua. Watoto wakitazama sehemu za mwamba ambazo hazina michoro wataona vishimo vingi vilivyopangana kama sega la nyuki. Hiyo ndiyo chumvi kazini.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu ukuta unaopukutika ndio huohuo uliopakwa rangi. Kila chembe inayodondoka inaondoka na rangi yake. Kwamba bado kuna kitu cha kuona ni jambo la kushangaza kuliko kwamba kimefifia.

Turudi kwenye kijito. Njia ya miguu inapita karibu na Campfire Creek, na hapo, kwenye mawe bapa pembeni mwa maji, kuna mifuo ya kunolea shoka. Mfuo mmoja ni mwembamba na mrefu, umechongoka ncha mbili, katikati umezama. Ukipitisha macho juu juu utadhani maji yameuchonga. Lakini maji hayachongi mifuo iliyolala bega kwa bega namna ile. Mtu alichukua kokoto ngumu, akapiga magoti kando ya kijito, akalowesha jiwe na kusugua mbele na nyuma hadi kokoto ikapata makali, kama vile kwetu panga linavyonolewa kwenye jiwe la mtoni. Chembe za mchanga ndani ya jiwe hilo ni ngumu kama tupa, na maji yanaondoa unga ili makali yaendelee kukutana na chembe mpya. Ndiyo maana mifuo inatafutwa karibu na maji kila mara. Ufundi huu si wa jana: kipande cha shoka lililonolewa namna hiyo kimepatikana Kimberley, kaskazini magharibi mwa Australia, na umri wake unakadiriwa kati ya miaka 44,000 na 49,000. Ni miongoni mwa ushahidi wa zamani zaidi duniani wa shoka la kunoa.

Mtoto akishauona mfuo, pangoni hatauliza tena kama hapa paliishi watu. Atauliza walikuwa wakifanya nini, na hilo ni swali zuri zaidi.

Haya, mikono. Mtakapofika msikimbilie kupiga picha. Simameni kwanza, mwache macho yazoee, kwa sababu mnatoka kwenye jua na mnatazama rangi ya udongo juu ya jiwe lenye rangi ya udongo. Dakika mbili za rafiki yako ndizo dakika ambazo macho yalikuwa bado hayajafunguka. Baada ya muda mikono inaanza kujitokeza mmoja mmoja, na mingine iko juu ya mingine. Mingi ni myekundu. Ipo ya njano na ya nyeupe pia.

Chagueni mkono mmoja uliokaa vizuri, mtazame ukingo wa vidole. Hakuna mstari hapo. Kuna ukungu wa vitone, mzito karibu na pale ngozi ilipokuwa, unaopungua kadiri unavyokwenda nje. Rangi haikupakwa, ilipulizwa. Ngeu, yaani udongo wa rangi nyekundu, ilisagwa, ikachanganywa na maji, ikaingizwa mdomoni, kisha mtu akaweka kiganja ukutani na rangi ikapulizwa kukizunguka. Mkono ulipoondolewa, jiwe tupu lilibaki na umbo lake. Kwa hiyo mnachokiona ni mahali ambapo rangi haikufika. Alama ya namna nyingine, ya kuchovya kiganja kwenye rangi na kukigandamiza ukutani, inaonekana tofauti kabisa: kiganja chenyewe ndicho chenye rangi na kingo zake hazina ukungu. Wape watoto kazi ya kutofautisha.

Kazi ya pili ni kuulizana mkono ni wa kushoto au wa kulia. Kiganja kikiwa kimelalia ukuta, dole gumba likielekea kulia kwako, huo ni mkono wa kushoto. Kwenye mapango mengi ya Australia mikono ya kushoto huwa mingi zaidi, na maelezo ya kawaida ni kwamba mtu anayetumia mkono wa kulia huutumia huo kushika rangi na kuuweka wa kushoto ukutani. Maelezo hayo yana shimo, kwa sababu mtu mwingine anaweza kukupulizia. Mwacheni wa miaka 12 alitafute shimo hilo mwenyewe.

Halafu tazameni ukubwa. Mkono mdogo ni wa mtoto. Ukiwa chini, alisimama mwenyewe. Ukiwa juu kuliko mtoto anavyoweza kufika, ama alibebwa, ama sakafu ya pango ilikuwa juu zaidi wakati ule. Wewe ni mzazi, hilo la kubebwa halihitaji mtaalamu.

Mtaona pia kwamba nyekundu imestahimili kuliko nyeupe. Ngeu ni oksaidi ya chuma iliyosagika sana. Inaingia kwenye vinyweleo vya jiwe na kulitia doa. Nyeupe ni udongo wa mfinyanzi ambao hukaa juu ya ngozi ya mwamba na kubanduka nayo. Kwa hiyo tusihesabu rangi zilizobaki tukasema hawa watu walipenda nyekundu. Huenda tunahesabu kilichovumilia.

Kusoma kwetu kunaishia hapo. Tunaweza kusema mkono upi, wa ukubwa gani, rangi gani, upi uko juu ya upi. Kwa nini uliwekwa, na nani alikuwa na haki ya kuuweka, hayo ni ya Wadarug, ambao ndio wenye ardhi ya hapo kwa asili na ambao wapo mpaka leo, wengi wao hapo hapo magharibi mwa Sydney mnakoishi ninyi. Nimekaa kwenye fani hii ya michoro ya miambani muda wa kutosha kuchoka na waongoza watalii wanaotoa maana ya kila alama kana kwamba walikuwepo. Huyu anasema ni saini ya mtu, yule anasema ni sala, mwingine anasema ni mchezo. Kule Carnarvon Gorge, Queensland, kwenye kuta nyingine za jiwe mchanga, kuna mikono yenye vidole vilivyokunjwa, na watafiti wamefikiria juu ya lugha ya ishara, maana jamii nyingi za Waaborijini zina lugha za mikono zilizokamilika. Ni wazo lenye mashiko kwa kule. Kulihamishia Glenbrook bila kuwauliza wenyewe ni ujanja tu.

Kuhusu plastiki. Inaudhi, inarudisha mwanga machoni na inaharibu picha, nakubali. Lakini msimlaumu aliyeiweka. Mapango yanayofikika kwa urahisi huandikwa majina, huguswa na kila anayepita na kuachiwa mafuta ya ngozi, na vumbi la nyayo hupanda na kukaa juu ya rangi. Zamani wapiga picha walikuwa na tabia ya kumwagia michoro maji ili iwake, mambo tuliyoyaona hata kwenye michoro yetu Afrika, na maji hayo huamsha ile chumvi niliyoitaja. Sheria ya New South Wales ya mwaka 1974 ya hifadhi za taifa na wanyamapori inalinda vitu vya Waaborijini, na kuviharibu ni kosa. Lakini sheria haikai pangoni usiku kulinda, plastiki inakaa. Na yako mapango ambayo hata plastiki hayakuipata: mwezi Mei 2020, huko Juukan Gorge, Australia Magharibi, kampuni ya Rio Tinto ililipua mapango yenye ushahidi wa kukaliwa na watu kwa takriban miaka 46,000, ikitafuta madini ya chuma, na kibali cha serikali ilikuwa nacho tangu 2013. Wenyewe, watu wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura, walikuwa wamesihi lisifanyike. Ukilijua hilo, mng'ao wa plastiki unavumilika.

Ili mwone vizuri, nendeni siku ya mawingu mepesi, au chagueni saa ambayo jua haligongi kizuizi moja kwa moja, na msogee pembeni hadi mng'ao upotee. Zimeni flashi, kwanza kwa sababu itarudi kwenye plastiki na mtapata picha ya nyota nyeupe tu. Kuna programu inaitwa DStretch, iliyotengenezwa na Jon Harman, ambayo wataalamu wa michoro ya miambani duniani kote wanaitumia. Inavuta tofauti ndogo za rangi kwenye picha hadi nyekundu usiyoiona inajitokeza. Ipo ya simu. Mtoto wako wa miaka 12 ataielewa kabla yako.

Nije kwa mama. Swali lake ndilo zuri kuliko yote mliyoniletea. Ndiyo, mnaruhusiwa. Pango hili limefunguliwa kwa wageni, lina njia na maelezo. Yako maeneo mengine mengi katika milima hiyo ambayo hayawekwi kwenye ramani, na mengine yana masharti ya nani aingie, wanaume au wanawake. Mkikutana na mwamba wenye alama nje ya njia, msiweke mahali hapo mtandaoni.

Mwambie mama kwamba wasiwasi wake hauna ugeni wowote. Michoro ya miambani ya Kondoa, Tanzania, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, baadhi ya mapango yake bado yanatumika kwa kuomba mvua, kupiga ramli na kutibu. Mtu wa Kolo, kijiji cha huko Kondoa, hawezi kukwambia kwamba michoro ni ya kale halafu basi. Na hapo Sydney watoto wako wanaijua desturi ya kutaja wenye ardhi kabla ya mkutano wa shule kuanza. Wengine wamekariri maneno yake kwa Kiingereza bila kuyafikiria. Mama atayafikiria. Akisimama mbele ya mwamba akapiga hodi kwa Kiha chake, akasema wao ni wageni na wamekuja kwa heri, hatakuwa amekosea adabu hata kidogo. Asiache kitu, wala asichukue kitu, hata kokoto.

Watoto watauliza umri, kwa hiyo jiandaeni. Michoro ya hapo inakadiriwa kufanywa kati ya miaka 500 na 1,600 iliyopita. Kwa mama hilo lipelekwe pwani: mikono ya mwisho mwisho inaangukia karibu na wakati Wareno walipoishambulia Kilwa, mwaka 1505, na ya kwanza ilikuwepo karne nyingi kabla Kilwa haijajenga msikiti wa mawe. Waingereza walitia nanga Sydney mwaka 1788, yaani muda mrefu baadaye.

Akiuliza kwa nini makadirio ni mapana hivyo, jibu ni kwamba ngeu ni madini, haina kaboni ya kupimwa. Mkaa unapimika, ngeu haipimiki. Huko Sulawesi, Indonesia, mkono uliopulizwa pangoni ulipimwa ukaonekana una angalau miaka 39,900, lakini kule ni mawe ya chokaa na wanapima utando wa chokaa uliojengeka juu ya rangi. Jiwe mchanga halitoi utando huo. Kule Kimberley wanasayansi walipata njia ya mzunguko: nyigu hujenga viota vya udongo ukutani, na udongo huo huwa na chembe za mkaa. Kiota kilicho chini ya mchoro ni cha zamani kuliko mchoro, kilicho juu yake ni kipya zaidi. Kwa kupima viota hivyo waliweza kusema, mwaka 2021, kwamba mchoro mmoja wa kangaruu una miaka kama 17,300. Nyigu wamefanya kazi ambayo maabara peke yake isingeiweza.

Yaliyobaki ni ya safari, nayapitia haraka. Nendeni kati ya Aprili na Septemba. Kiangazi cha huko si cha kumtembeza mtu wa miaka 68: Penrith, iliyo chini tu ya milima hiyo, ilifika nyuzi 48.9 tarehe 4 Januari 2020. Siku za hatari ya moto hifadhi hufungwa, na mvua kubwa ikinyesha drifti hufunikwa na maji, kwa hiyo tazameni tovuti ya hifadhi asubuhi ya siku hiyohiyo. Kuna ada ya gari. Bebeni maji ya kunywa ya kutosha na chakula, hakuna duka ndani. Viatu vya kufunika miguu kwa wote, mama naye, hata kama amezoea kandambili. Nyoka wapo, na wakisikia hatua nzito huondoka wenyewe. Mtandao wa simu unakatika bondeni, kwa hiyo mliogawanyika mpatane kabisa saa ya kukutana. Ya dharura ni 000.

Mama ataitambua miti. Atasema, "Kumbe mikaratusi!" na atakuwa sahihi, ingawa kwetu imepandwa kwa mistari na huko inajiotea, mingine yenye gome la waridi na laini kama ngozi.

Mkitoka pangoni msirudi moja kwa moja. Ndani ya hifadhi hiyohiyo kuna uwanja wa nyasi unaoitwa Euroka, na jua likianza kushuka kangaruu wa kijivu hutoka kula. Huyo wa miaka 9 atawasamehe mazungumzo yote ya ngeu na chumvi. Ila lango la hifadhi hufungwa jioni kwa saa iliyoandikwa pale mnapoingia, na saa hiyo hubadilika kiangazi na kipupwe. Isomeni mkiingia, mhesabu na mwendo wa mama.